Siklidi wa Tangini: Nani Mvumilivu, Nani Anakua Mbio?

Karibuni tena, ndugu zangu wa matangi. Leo tunajibu swali ambalo halikosekani kwenye maoni yenu: "Nipe siklidi asiyekufa ovyo, na awe anakua haraka." Swali ni la haki kabisa. Shida ni kwamba samaki anayetimiza yote mawili kwa pamoja ndiye anayewachosha watu mpaka tangi linaishia stoo.

Kabla sijawapanga, mjue siklidi ni ukoo mpana mno wa samaki. Sato na perege ni siklidi. Furu wa Ziwa Victoria ni siklidi. Kuhe wa Ziwa Tanganyika, anayepita sentimita 60, ni siklidi. Na ziwa hilohilo lina Neolamprologus multifasciatus, kiumbe asiyezidi sentimita 5, anayeishi ndani ya kombe tupu la konokono. Kwa hiyo akija mtu akakwambia "siklidi ni wagumu", mwambie ataje jina.

Tuanze na huyu mwenye mistari myeusi, konvikti, kutoka Amerika ya Kati. Kwa kuvumilia maji, leo hana mshindani. Maji magumu, yaani yenye madini mengi, sawa. Maji laini, yenye madini machache, sawa. Hita ikizima usiku, asubuhi unamkuta anachimba changarawe kama kawaida. Dume anafika sentimita 10 hadi 12, jike ni mdogo zaidi na ana rangi ya machungwa tumboni. Kwa hawa, jike ndiye mwenye urembo. Alama za uvumilivu nampa zote. Lakini simshauri kwa mtu mwenye tangi la mchanganyiko, na sababu ni uzazi. Hajamaliza hata kukua, tayari ana mwenza, wametaga mayai chini ya jiwe, na baba na mama wote wanalinda. Angalieni hapa kushoto: jozi moja imejitwalia zaidi ya nusu ya tangi, wengine wote wamebanana kule juu karibu na chujio. Hao waliobanana maji hayatawaua. Watauawa kwa kipigo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na chati nyingi za uvumilivu. Chati zinapima joto na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, basi. Kwenye tangi la siklidi, ukishalikomaza chujio lako, yaani bakteria wanaosafisha taka wakishazaliana ndani yake, adui mkubwa anayebaki ni jirani. Sogea na mimi hapa pembeni ya hita mumwone huyu. Mapezi kayabana, rangi imefifia, ncha ya mkia imetafunwa, anapumua mbio, chakula kikishuka anakitazama tu. Wengi wakiona hivi wanakimbilia dawa. Hana ugonjwa huyu. Amekosa pa kujificha. Ukimhamishia tangi lingine, ukampa jiwe la kukaa nyuma yake, rangi inarudi bila tone la dawa.

Na akiendelea kukaa hapo, hatakua. Mtawala anakula wa kwanza, hilo liko wazi, ila kuna zaidi ya chakula. Yupo Neolamprologus pulcher wa Tanganyika, anayeishi kwa kundi la wakubwa na wasaidizi. Watafiti walibaini kwamba wasaidizi wanapunguza kasi ya kukua wao wenyewe ili wasimkaribie mkubwa wao kwa umbo, maana anayekaribia anaonekana mpinzani na anaweza kufukuzwa. Kwa hiyo ukiona samaki wa uzao mmoja, mmoja ana ukubwa mara mbili ya mwenzake, usilaumu chakula peke yake.

Haya, oska. Nilijua mnamsubiri. Huyu wa Amazon ndiye bingwa wa kukua kati ya wote ninaowazungumzia leo. Akilishwa vizuri na maji yakibadilishwa, anaongeza karibu sentimita 2 na nusu kwa mwezi katika miezi ya mwanzo, na akitimiza mwaka anaweza kuwa amepita sentimita 20. Mwishoni anafika 30 au zaidi. Dukani anauzwa akiwa wa kidole, na hapo ndipo mtego ulipo. Tazameni anavyokula: punje inaingia mdomoni, anatafuna kwa meno ya kooni, halafu vumbi lote linatoka kwenye matamvua na kusambaa majini. Sasa zidisha hilo kwa kila mlo, ongeza na kinyesi chake. Chini ya lita 300 kwa oska mmoja mkubwa mimi siongelei. Je, ni mvumilivu? Ndiyo, kwa muda mrefu, na huo ndio ubaya wake: anavumilia maji machafu kimyakimya, kisha vishimo vinaanza kutokea kichwani, na kuviponya ni kazi.

Na tafadhali, ile hadithi ya "samaki hukua kulingana na tangi" tuiache. Samaki kwenye tangi dogo hudumaa kwa sababu taka zinarundikana na anaishi kwa mashaka. Kudumaa si kujirekebisha. Anakuja kuwa na macho makubwa yasiyolingana na kichwa, mgongo umepinda, na maisha yanakatika mapema.

Twende Ziwa Nyasa, kwa mbuna, samaki wa kwenye miamba. Kipenzi changu kwa anayeanza yuko hapa: Labidochromis caeruleus, huyu wa njano tupu mwenye ukingo mweusi kwenye pezi la mgongoni, wafugaji wanamwita yelo labu. Anafika sentimita 8 hadi 10, anakula karibu kila unachompa, na kwa viwango vya mbuna ni mpole. Kasi yake ya kukua ni ya wastani: unamwona akibadilika, lakini hakulazimishi kununua tangi jipya. Maji yake ni magumu yenye pH kati ya 7.7 na 8.6, na maji ya namna hiyo yana faida moja: pH haiyumbiyumbi.

Lakini sikilizeni hili, maana halisemwi vya kutosha. Amonia, ile sumu inayotokana na taka za samaki, ni kali zaidi pH ikiwa juu. Kiasi kilekile ambacho samaki wa maji laini angekivumilia, kwa mbuna kinaweza kuunguza matamvua. Na sisi mbuna tunawajaza wengi kwa makusudi, ili ubabe ugawanyike, asipigwe mmoja peke yake. Wengi, pH ya juu, chujio dogo: hapo umejitafutia msiba. Chujio liwe kubwa, na likomae wiki 4 hadi 6 kabla ya kujaza samaki.

Ndugu yake wa ziwa hilohilo, demasoni, yule mdogo mwenye mistari ya buluu na nyeusi, ni wa upande wa Tanzania, Pombo Rocks. Kwa picha anapendeza kuliko wote. Kwa maji, mvumilivu. Kwa wenzake wa aina yake, jambazi. Ukiweka watatu, baada ya muda utabaki na mmoja. Watu huweka 12 au zaidi, na hata hivyo mawe lazima yawe mengi.

Jambo lingine linalowachanganya watu kwenye kukua: majike ya mbuna huatamia mayai mdomoni. Ukimwona jike taya limejaa, hali, anatafunatafuna tu bila kumeza, ana mayai. Anakaa hivyo takribani wiki 3 bila kula vya maana. Akirudia mara kwa mara, madume wa rika lake wanamwacha mbali. Hana minyoo, msimpe dawa.

Ziwa Tanganyika linatupa upande wa pili wa mizani. Frontosa, mwenye nundu usoni, hufika sentimita 30 na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, lakini kukua kwake kunahitaji moyo. Nundu yenyewe inachukua miaka kuwa nundu. Kwa maji safi na tulivu ni mvumilivu sana. Kwa wenzake wenye fujo si mvumilivu hata kidogo. Ukimchanganya na mbuna, watakimaliza chakula yeye hajageuza hata shingo. Trofeusi naye ni kinyume: mkorofi, mwepesi, nguvu tele, ila tumbo ndilo linalomwua. Utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa mwani wa kwenye mawe. Ukimlisha vyakula vizito vya nyama ili akue haraka, anavimba tumbo, anaacha kula, na ukichelewa kundi zima linaweza kuanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Kumharakisha huyu ni kumwua.

Diskasi, siklidi bapa wa Amazon, nitampitia juujuu: joto nyuzi 28 hadi 30, maji laini, usafi wa kila mara. Vifaranga vyake hula ute kwenye ngozi ya wazazi, jambo la ajabu kulitazama. Kama bado unauliza samaki asiyekufa ovyo, huyu si wako kwa sasa.

Uamuzi wangu basi. Tangi la lita 200 na mtu anaanza: kundi la yelo labu, mawe mengi, chujio kubwa kuliko lililoandikwa kwenye boksi. Una lita 60 tu: chukua kribensisi jozi moja, wa Afrika Magharibi, mpole na hapiti sentimita 10, au hawa wa kwenye makombe ya konokono. Konvikti awe na tangi lake. Frontosa kwa mwenye nafasi na subira.

Na kama tayari una oska kwenye tangi dogo, badilisha nusu ya maji kila wiki, punguza chakula, na anza leo kumtafutia mtu mwenye tangi kubwa. Usimwachie mtoni wala ziwani, hata ukimwonea huruma vipi. Oska wamezagaa porini Florida, wanavuliwa kwa ndoana huko, na si samaki wa kule. Maswali yaandikeni hapo chini, na mtaje tangi ni la lita ngapi. Bila hiyo namba sina cha kukujibu.