Wiki tatu za kupangiwa tovuti: nilichopata na kilichokosekana

Mimi ni fundi wa vyerehani, na nauza vipuri pia: sindano, bobini, mikanda, mota. Kabla ya tovuti niliyonayo sasa nililipia huduma ambayo wafanyabiashara wengi hawajui kwamba huuzwa peke yake: kupangiwa tovuti bila kujengewa. Ilichukua wiki 3 na vikao 4, na mwisho nikakabidhiwa waraka wa kurasa 22 ambao ningeweza kumpelekea mjenzi yeyote. Nimeulizwa mara nyingi kama kulikuwa na maana kulipia karatasi. Kulikuwa na maana kubwa, ingawa mambo mawili yaliniumiza.

Niseme kwanza nilikotoka. Tovuti yangu ya awali ilijengwa kwa siku 9. Mjenzi aliniuliza maswali mawili tu, napenda rangi gani na kama nina nembo. Nikafurahi kwamba kazi inakwenda mbio. Ikatoka na picha kubwa zinazopishana juu, ukurasa wa "Dira na Dhamira", ukurasa wa "Habari" ambao haukupata habari hata moja, na namba ya simu chini kabisa kwa maandishi ya kijivu hafifu. Wateja wakaendelea kupiga kuuliza yale yale waliyokuwa wakiuliza kabla sijawa na tovuti.

Kibaya zaidi, kikoa, yaani jina lenyewe la tovuti, kilisajiliwa kwa jina la mjenzi. Nililijua hilo siku muda wake ulipoisha na yeye hapatikani. Jina linaloishia na .com likishafutwa kwa kutolipiwa, huwa kuna siku 30 za mwisho za kulikomboa, lakini anayekomboa ni yule aliyeandikwa kuwa mwenye jina. Mimi sikuandikwa. Jina nililolichapisha kwenye risiti na mifuko kwa miaka 4 likaenda hivyo.

Ndiyo maana hawa wapangaji wa tovuti walinishika moyo tangu kikao cha kwanza. Kabla ya kutaja rangi wala picha waliuliza: jina litakuwa kwa nani? Wakanikalisha nikalisajili mwenyewe, kwa barua pepe yangu, huku wao wakitazama. Kisha tukachora jedwali la ukurasa mmoja: jina limesajiliwa wapi, tovuti itahifadhiwa wapi, nani ana nenosiri lipi, kila kimoja kinalipiwa tarehe ngapi. Hata wangeishia hapo, nisingedai hela yangu.

Lakini kazi iliyonifungua macho ni ile waliyonipa ya kufanya nyumbani. Walisema nirudi kwenye simu, nisome ujumbe wote wa wateja wa miezi 3, niandike kila swali kama lilivyoulizwa, bila kulisafisha. Nikapata maswali 137. Hakuna hata mmoja aliyeuliza dira yangu. Maswali 41 yalikuwa namna mbalimbali za "mna sindano ya cherehani changu?" na wengi hawakutaja ni cherehani gani. Mengine 29 yalieleza ugonjwa: kinaruka mshono, kinakata uzi wa juu, kinakusanya uzi chini ya kitambaa. Yaliyobaki yalihusu saa za kufungua, matengenezo huchukua siku ngapi, na kama naweza kupokea picha.

Nilikaa na orodha ile usiku mzima. Miaka 19 kwenye kazi hii, na sikuwahi kuyaona maswali ya watu wangu yakiwa yamepangwa mahali pamoja.

Kurasa mbili kubwa zikazaliwa humo. Wa kwanza unaitwa "Cherehani chako kina tatizo gani?" na umepangwa kwa maneno ya wateja wenyewe. Wa pili unamsaidia mtu kujua sindano yake: aishike na kutazama shina, yaani ile sehemu nene ya juu inayoingia kwenye cherehani. Likiwa na upande bapa, mara nyingi ni ile ya vyerehani vya nyumbani, 130/705 H. Likiwa la mviringo pande zote na cherehani ni cha kiwandani cha mshono ulionyooka, huenda ni DBx1. Kisha asome saizi, kwa mfano 90/14. Maelezo haya nilikuwa nikiyarudia kwenye simu kila siku, na haikunijia kwamba hayo ndiyo tovuti yenyewe. Kurasa 14 nilizokuja nazo kichwani zikabaki 6.

Baada ya hapo walichora kila ukurasa kwa penseli kwenye karatasi yenye ukubwa wa simu, tukawapa wateja 5. Walinieleza kwamba Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kuwa watu 5 hutosha kuonyesha sehemu kubwa ya kasoro, na kwangu ilikuwa hivyo. Mshonaji mmoja aliambiwa atafute kama tunatengeneza ovaloki, cherehani cha kufunga kingo za kitambaa. Akagusa "Vipuri", akarudi, akagusa "Huduma", akarudi, akasema, "Fundi, mbona hapa hamjaandika kutengeneza?" Kweli hatukuandika. "Huduma" ikafutwa palepale, ikaandikwa "Matengenezo". Kurekebisha kulihitaji ufutio tu.

Waraka wao una pia vipimo vya kumkabidhi mjenzi: kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Hilo la pili lilinikumbusha ile namba yangu ya simu ya kijivu.

Sasa walipokosea. Waraka unasema "picha ya kila tatizo" na kuishia hapo. Mjenzi alipoanza ndipo tukahesabu picha 34, na hakuna iliyokuwa imepigwa. Kazi ikasimama wiki 5 nikipiga picha za mishono iliyoharibika kati ya mteja na mteja. Mpango ulipaswa kutaja kila picha, nani anaipiga, lini. Pili, haukusema neno juu ya utunzaji. Orodha ya vipuri vilivyopo ilipitwa na wakati mwezi wa kwanza tu, mteja akaja kufuata mota iliyokwisha kuuzwa. Niliumia sana, kwa kuwa alikuwa ameniamini. Nimeiondoa orodha hiyo, nimeweka kitufe cha kuniuliza.

Kama biashara yako inahitaji kuonyesha namba ya simu na saa za kazi tu, huduma hii usiinunue. Fanya lile zoezi la ujumbe, andika ukurasa mmoja. Kama una bidhaa nyingi na wateja wasiojua majina yake, ilipie bila wasiwasi. Kwangu iligharimu kama sehemu moja ya tano ya gharama ya ujenzi.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Siku hizi watu hunitumia picha ya shina la sindano kabla hata ya salamu. Mwezi ujao narudi kwao kupanga ukurasa wa kutunza ovaloki, na safari hii nakwenda na orodha ya picha mkononi.