Walimwaga dawa ya mchwa kwa nyumba yangu, jina la dawa wakakataa kuniambia

Naandika hii nikiwa bado na hasira na kampuni yenyewe sitaitaja, lakini kama una nyumba Kisumu, hasa huku juu Mamboleo, Riat mpaka Kajulu, tafadhali soma yote. Bei zao na picha za gari zao utaona kwa matangazo. Mimi niko na neno moja tu: mtu akiingia kwako, atoboe sakafu yako, amwage sumu chini ya mahali watoto wako wanalala, lazima akwambie ni sumu gani. Hiyo tu ndiyo niliomba, na hiyo tu ndiyo imenikosanisha nao.

Nyumba tuliinunua ikiwa imekwisha, na inaonekana aliyeijenga hakupiga dawa ardhini kabla ya kumwaga slabu. Mchwa walianza na fremu ya mlango wa stoo, vile vijia vya udongo, unakwangua jioni asubuhi vimerudi, wakahamia skatingi, halafu kabati la nguo, ukigonga mbao inalia tupu. Walikula hadi faili ya vyeti vya mume wangu. Nikasema hapana, tutafute watu wa kazi, na hawa walikuja na mkataba mzuri umechapwa, waranti ya miaka 5.

Vijana waliotumwa, jameni, hao siwezi kuwasema vibaya. Waliondoa viatu mlangoni, wakasogeza makochi wenyewe, wakatoboa kando ya ukuta shimo kwa shimo kama sentimita 30 hivi, wakaingiza dawa na pampu, wakaziba na simiti nyeupe mpaka ukitafuta mahali walitoboa huoni. Mmoja alinieleza watoto wasiguse pale mpaka pakauke. Nilifurahi sana, nikawapatia majirani namba ya hiyo ofisi, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Mvua ikanyesha, ile ya kwanza ya nguvu baada ya jua kali, na mnajua mvua kama hiyo ikikatika ni nini hutoka. Kumbikumbi wakaanza kumiminika kwa ufa ulio kati ya veranda na ukuta, palepale palipopigwa dawa. Watoto wangu na wa jirani wakaja na beseni wakipiga kelele ngwen, ngwen, yaani kumbikumbi kwa Kijaluo! Na hapa kwetu hakuna wa kumshangaa, hiki ni chakula, unakaanga na chumvi kidogo, soko la Kibuye wanauzwa kwa mkebe. Lakini mimi roho ikaruka, nikawanyang'anya beseni, nikapiga simu ofisini nikauliza kwa heshima kabisa, hawa kumbikumbi wametoka kwa ukuta mliopiga dawa, watoto wakila kuna shida? Na dawa yenyewe inaitwaje?

Huyo bwana akanijibu hivi: "Madam, sisi tulilipwa kuua mchwa, si kuwapikia."

Nikanyamaza kwanza. Nikarudia swali la jina la dawa. Akasema hiyo ni fomula ya kampuni, nisome mkataba, akakata simu. Mkataba nimeusoma mpaka nimeukariri, umeandikwa "dawa iliyoidhinishwa" na hakuna jina popote.

Fomula ya kampuni gani? Dawa ya wadudu Kenya hii lazima iwe imesajiliwa na PCPB, ile bodi ya serikali ya dawa za wadudu, sheria yake iko tangu 1982, na mkebe unakuwa na lebo yenye namba inayoanza na PCPB(CR), imeandikwa kiungo, jinsi ya kuchanganya, na huduma ya kwanza ukiimeza. Mtu wa agroveti anayeuza kamkebe kadogo hakufichi, wewe umechukua zaidi ya elfu 30 yangu unanificha? Mtoto akizidiwa usiku nimkimbize hospitali ya Jaramogi, daktari aniulize amekula nini, nimjibu fomula ya kampuni?

Na si watoto peke yao, hata kujua kama kazi imefanyika inategemea hilo jina. Nilienda kwa agroveti nikaelezwa vizuri: kuna dawa kama bifenthrin, hiyo mchwa wakiigundua wanakwepa, wanatafuta upande ambao haikufika, na kuna za aina ya fipronil ambazo hawazigundui, wanapita ndani yake, wanarudi nayo kichuguuni, wanaambukizana na kufa pole pole. Malkia anakaa chini huko akitaga maelfu ya mayai kwa siku. Sasa nisipojua nimewekewa gani nitajuaje kama ningoje, ama wamehamishiwa tu chumba cha watoto?

Wacha niseme ukweli wote, tangu siku hiyo fremu ya stoo haijapata kijia kipya, na kabati nililobadilisha mbao liko sawa. Kumbikumbi kuruka si lazima dawa iwe imeshindwa, kichuguu kinaweza kuwa nje kabisa huko chini ya kabro. Kwa hivyo labda dawa ni nzuri. Labda ni nzuri sana. Kuna siku nilikuwa karibu kuwapa nyota nne nimalizane nao.

Halafu wakamtuma msimamizi. Akasimama kwa veranda, akaangalia maua yangu, akasema nimemwagilia maji nikaosha dawa, na ukurasa wa pili unasema udongo kando ya ukuta ukichezewa waranti imekufa. Hayo maua yalikuwa hapo siku walipokuja kupima nyumba, waliyaruka wakipita! Na hakuniambia mimi niliyetia sahihi, alimgeukia mume wangu: "Mzee, hawa akina mama wanapenda kuchimba chimba." Mzee mwenyewe akamwambia mwenye mkataba ni huyu, ongea na yeye. Nikamuuliza jina la dawa. Akasema atauliza ofisini. Nyota nne ziliishia hapo, nyota ni moja, na hiyo moja ni ya wale vijana wa pampu.

Sasa wananitumia meseji nilipe ada ya ukaguzi wa mwaka wa pili, la sivyo waranti itaisha, ile ile waliyosema imekufa. Nimewajibu nitalipa siku hiyo hiyo wakinitumia picha ya lebo. Wamesoma, hawajajibu. Nimemtafuta kijana mmoja kati ya wale wawili kupitia kwa jirani, akisema anafanya kazi yake binafsi na mkebe aniwekee mezani nikiuona, kesho aje aanze na chumba cha watoto.