Mkanda wa Kifuani Wenye Kishikio, kwa Mbwa wa Njia za Msituni na Maporomoko

Mikanda ya kifuani inayouzwa kwa ajili ya mbwa wa matembezi imekuwa ya namna nyingi mno, na maelezo ya wauzaji yanafanana kiasi kwamba ni vigumu kujua upi una faida gani. Ninaouzungumzia hapa ni wa aina moja tu: ule mrefu, wenye mikanda miwili inayozunguka mbavu na tumbo, mwingine unaopita katikati ya kifua, na kishikio cha kitambaa kigumu kilichoshonwa mgongoni. Nimeutumia na mbwa wangu, jike wa kilo 24 mwenye kifua kirefu na kiuno chembamba, kwenye njia zinazopita chini ya miti mikubwa na kuteremka hadi kwenye maporomoko ya maji. Niseme mapema kwamba thamani ya chombo hiki iko karibu yote kwenye kile kishikio, na kwamba mtu anayetembea na mbwa wake kwenye njia tambarare analipia kitu ambacho hatakigusa.

Karibu na maporomoko, mawe huwa yamelowa hata pasipo mvua, kwa sababu rasharasha haikomi na utando wa mwani haupati nafasi ya kukauka. Mbwa akiwa amesimama hubeba takribani asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, na anapoteremka uzito huo huzidi kusogea mbele, hivyo akiteleza mara nyingi hutangulia kifua au kidevu. Kishikio cha mkanda huu kimewekwa nyuma kidogo ya mabega, mahali ambapo mkono mmoja unatosha kumpunguzia mwendo bila kumwinua. Tulipokuwa tukivuka gogo lililolazwa juu ya kijito, mguu wake wa nyuma uliteleza, nami nikausikia uzito wake wote ukihamia kwenye vidole vyangu vinne. Mkanda haukupanda shingoni wala haukuzunguka upande, na mbwa mwenyewe aliurudisha mguu juu ya gogo akaendelea kama hakuna lililotokea. Ukanda wa kawaida wa shingoni, katika hali ile ile, ungemkaba.

Hata hivyo kishikio si winchi. Kumnyanyua mbwa mzima kwa kishikio peke yake, hasa aliye mzito, hubana mbavu na makwapa. Panapohitajika kumpandisha juu ya jiwe refu, mkono wa pili lazima upite chini ya tumbo au nyuma ya mapaja. Nimeona picha za matangazo zinazoonyesha mbwa akining'inia hewani kama begi la safari, nami siwezi kuzisifu.

Kuhusu umbo, jambo la kuangalia kwanza ni sehemu ya mbele. Mkanda unaoshuka kutoka shingoni na kukutana kwenye mfupa wa kifua, kwa umbo linalofanana na herufi Y, huyaacha mabega yafanye kazi, ilhali ule unaopita mlalo mbele ya mabega hufupisha hatua, na athari yake huonekana zaidi kwenye mpando mrefu kuliko kwenye matembezi mafupi. Huu ninaoupitia una umbo la kwanza, na umekatwa vizuri. Mkanda wa pili, unaokaa nyuma ya mbavu, ndio unaomzuia mbwa mwenye kiuno chembamba asirudi kinyumenyume na kujivua, jambo ambalo mbwa aliyeshtushwa na ngurumo ya maji hulifanya kwa wepesi wa kushangaza. Vipimo vichukuliwe nyuma kidogo ya miguu ya mbele, sehemu pana zaidi ya mbavu, na baada ya kufunga bizimu vidole viwili vipite kati ya mkanda na manyoya bila kulazimisha. Kipimo hicho kirudiwe mbwa akishalowa, kwa sababu manyoya yakilala mkanda uliokuwa umekaa sawasawa hulegea.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kasoro kubwa. Mtengenezaji ameweka sponji nene chini ya mikanda yote ili isichubue, na ikiwa kavu kwa kweli haichubui. Lakini sponji hiyo hunywa maji kama iliyowekwa jikoni kwa kazi hiyo, na baada ya mbwa kuingia kijitoni mara moja, mkanda mzima huwa mzito na hubaki na unyevu kwa saa nyingi. Mikanda yenyewe ni ya nailoni, ambayo ikilowa hulegea kidogo. Poliesta isingenywa maji kiasi hicho. Matokeo yake niliyaona makwapani, ambapo mchanga laini ulinaswa kwenye sponji iliyolowa na kusugua ngozi hadi ikawa nyekundu. Mchubuko wa namna hiyo si wa kupuuzwa kwa mbwa anayekanyaga madimbwi, kwani bakteria wa homa ya mgunda, wanaoenezwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, huingia mwilini kwa urahisi kupitia ngozi iliyochubuka. Chanjo dhidi ya baadhi ya aina zake ipo kwa mbwa, na ni vyema kumuuliza daktari wa mifugo kabla ya kuanza safari za aina hii. Kwa upande wangu, sasa humvua mbwa mkanda kila tunapopumzika mahali salama, naukamua, kisha nampangusa makwapa kwa kitambaa kikavu.

Sponji hiyo hiyo ina tatizo la pili, la joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema. Mkanda unaofunika sehemu kubwa ya kifua na mbavu humwongezea nguo asiyoihitaji, na ingawa kivuli cha msitu husaidia, kwenye mpando usio na upepo nimemwona akihema kwa nguvu kuliko anavyohema akiwa na mkanda mwembamba.

Pete za kufungia kamba ziko mbili, mgongoni na kifuani. Ya mgongoni ni ya chuma, imara, na haina la kusemwa. Ya kifuani imekusudiwa kumgeuza mbwa anayevuta, lakini kwenye njia nyembamba yenye mizizi kamba hupita kati ya miguu ya mbele na kumkwaza, kwa hiyo nimeacha kuitumia. Kamba yenyewe haiji na mkanda. Kwa njia hizi iwe ya mita mbili hivi, yenye urefu usiobadilika, kwa maana ile inayojikunja yenyewe humpa mbwa mita nyingi za uhuru mahali ambapo ukingo uko hatua tatu mbele. Na hili lisisahaulike: karibu na maporomoko, mbwa mtiifu kuliko wote hasikii akiitwa, kwa sababu sauti ya maji huimeza sauti ya mtu. Wala mkanda huu si jaketi la kuogelea. Maji yanayotibuka chini ya maporomoko yamejaa hewa, hayambebi mwogeleaji ipasavyo, na mkondo wake waweza kumvuta chini; kishikio kinafaa kumtolea mbwa ukingoni mwa kidimbwi kilichotulia, si kumwokoa pale.

Usafi wake ni rahisi: maji ya kawaida, sabuni kidogo, na kuanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali hudhoofisha nailoni. Bizimu za plastiki zipigwepigwe ili mchanga utoke, la sivyo hukataa kubana. Kupe hupenda kujificha chini ya mkanda wa tumbo, mahali ambapo mkono haufiki mbwa akiwa bado amevaa.

Ningempendekezea mkanda huu mwenye mbwa wa ukubwa wa kati au mkubwa anayepita mara kwa mara kwenye mawe na magogo. Mwenye mbwa mdogo anaweza kumpakata. Wanaoishi na mbwa wasioweza kupita mbele ya maji bila kujitumbukiza watafute ule wenye umbo hili hili lakini usio na sponji, au wenye sponji iliyofunikwa kwa mpira usiopitisha maji, hata kama kishikio chake ni chembamba zaidi. Na ambaye vipimo vya mbwa wake vinaangukia kati ya saizi mbili achukue ndogo, mradi bizimu zisifike mwisho, kwa sababu huu hulegea ukilowa.