TAHADHARI: kuna jamaa Arusha anauza ram za kawaida kwa bei ya ECC

Wakuu nimepigwa, laki nne na elfu arobaini imeenda na hasira hazijaisha. Nina seva ya nyumbani, mashine ya kutunzia mafaili, na picha za harusi ya dada ziliharibika humo, ndo maana safari hii nikasema sitaki ram ya kubahatisha, nataka ECC, ile ram inayoigundua biti (ile 0 au 1 ya data) ikigeuka na kuirekebisha kabla data iliyoharibika haijaandikwa kwenye diski.

Jamaa yuko maeneo ya Stendi Ndogo. Na msiniambie sikuwa makini, maana aliniuliza mwenyewe, "kaka, bodi yako inakula zenye rejista au zisizo na rejista?" Hizo ni aina mbili za ram na bodi inataka moja tu, hapa mjini hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza hivyo, nikaona huyu kazi anaijua. Akatoa mbili za DDR4, 16GB kila moja, zimevaa bati jeusi pande zote, stika imeandikwa ECC inang'aa. Nikamwambia naomba nione chipu, akaniwekea mkono begani, "ukibandua hilo bati waranti hakuna kaka, twende tuziwashe ujionee." Akachomeka kwenye mashine yake, 32GB ikasoma, akanigeuzia skrini huku anatabasamu, na mimi palepale nikatoa simu nikamrushia hela. Lile tabasamu nikilikumbuka chakula hakipiti. Kwani kusoma 32GB kunathibitisha nini? Ya kawaida nayo inasoma hivyo hivyo!

Nimefika nyumbani Sakina nikapiga dmidecode, ile komandi inayosoma taarifa za ram, upana wote biti 64, upana wa data 64. ECC ya DDR4 inaonyesha upana wote 72, wa data 64, hizo 8 za ziada ndo za kurekebisha makosa. Nikabandua bati, chipu 8 kila upande, wakati zilitakiwa 9, ile ya tisa ndo inabeba biti za kurekebisha makosa. Kwa hiyo hesabu chipu kabla hujalipa, akikuzuia ondoka. Na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) nilimwomba akasema karatasi zimeisha, hapo ndo ningeshtuka.

Nimerudi Jumatano ananiambia mbele ya wateja eti nimebadilisha mimi. Mimi! Huyu afungiwe duka, arudishe hela za watu na alale ndani, maana watu wanaweka kumbukumbu za wazazi wao kwenye hizo mashine. Meseji zote ninazo, Jumatatu asubuhi niko kituoni, kama kuna mwingine alinunua kwake aniambie twende wote.