Riwaya ya Kiswahili ya kununua Dar: ipi ianze, ipi isubiri

Kwenye kundi letu la kuazimana vitabu kipimo cha ubora ni kimoja: kitabu kikitoka, kinarudi lini na kwa mkono wa nani. Kikirudi baada ya siku mbili, kisafi, jalada halina hata mkunjo, ujue aliyekichukua alisoma kurasa tatu akakiweka juu ya friji. Kikirudi kimechakaa, kina duara la kikombe cha chai, na anayekirudisha siye uliyempa, hicho kinunue. Na kama hakirudi kabisa, nunua nakala mbili.

Orodha hii imepangwa kwa kipimo hicho. Wasomaji wenyewe ni watu wa kawaida: dada wa duka la dawa Sinza, dereva wa bajaji wa Tabata, mwalimu mstaafu wa Ilala, vijana wawili wa benki, na mama mwenye nyumba wangu. Hawakubaliani kwa mengi, na pale walipogombana nimeeleza nani alidai nini. Nimebaki kwenye riwaya za Kiswahili kwa sababu ndizo watu wanazoniuliza. Vile vitabu vya kutajirika vilivyojaa kando ya barabara vinajiuza vyenyewe, havihitaji msaada wangu.

Kuhusu hela, kwa riwaya mpya ya unene wa kawaida jiandae na shilingi 10,000 hadi 25,000. Vya mtumba ni maelewano.

1. Vuta N'kuvute, cha Adam Shafi

Nafasi ya kwanza haina ubishi. Nakala yangu ya mwanzo ilipotelea Kigamboni na sijui iko kwa nani.

Kitabu kilitoka 1999, na kisa chake kiko Unguja ya enzi za Mwingereza. Yasmini, binti wa Kihindi, anaozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa kumzaa. Anatoroka. Watu wake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, asiye na kitu zaidi ya chumba chake na moyo wake. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi na mawazo ambayo serikali ya kikoloni haitaki kuyasikia.

Dada wa duka la dawa anashikilia kwamba hiki ni kitabu cha Mwajuma, wengine wote ni wasindikizaji. Anasema rafiki anayekufungulia mlango kwanza, maswali baadaye, hapatikani kirahisi, si Ng'ambo wala Sinza. Dereva wa bajaji alikasirishwa na Denge: mwanamke kama yule anakupenda, wewe akili yako yote iko kwenye siasa! Mwalimu akamjibu kuwa Denge ndiye mwenye akili timamu peke yake kitabu kizima. Ubishi huo uliendelea mpaka wasiokisoma wakaanza kukiulizia, na mimi sina tangazo zuri kuliko hilo.

Kiswahili chake ni cha Unguja hasa, na mtu wa bara atakwama hapa na pale. Asihangaike na kamusi, mbele kidogo maana inajitokeza. Waliotazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 huuliza kama kuna haja ya kusoma tena. Ipo. Filamu imechukua kipande tu, na mengi ya safari ya Yasmini yamebaki kitabuni. Ukikimaliza ukataka zaidi, mwandishi huyohuyo ana Kuli, cha 1979, kuhusu wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao. Ni kifupi na kikali zaidi, ila mapenzi usiyatafute sana humo.

2. Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi

Kilichapishwa 1971, na kuna wakati kilipigwa marufuku mashuleni. Marufuku ile ilikisaidia kuliko tangazo lolote. Mpaka leo wapo wanaokinunua ili waone walifichwa nini.

Rosa ni binti wa Ukerewe, alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na barua ya mvulana inatosha kumfanya ampige binti huyo vibaya sana. Analelewa kwa kufungiwa, halafu siku moja anatoka nje ya uzio bila kujua lolote kuhusu wanaume. Mengine utayasoma. Sentensi ni fupi, mambo yanakwenda mbio, na ukikianza Ijumaa jioni Jumapili umekimaliza.

Mama mwenye nyumba alikisoma akaniambia Zakaria yupo kila mtaa, kasoro jina tu. Kijana mmoja wa benki alilalamika kwamba mwandishi amemwadhibu Rosa kupita kiasi, kana kwamba makosa ya watu wazima wote yalipwe na msichana mmoja. Nusu nakubaliana naye. Ndiyo maana kimekaa cha pili. Usimnunulie mtoto wa darasa la sita kwa kuwa tu jina limekaa kidini. Mjomba mmoja alifanya hivyo na shangazi alimpigia simu usiku uleule.

3. Peponi, cha Abdulrazak Gurnah

Gurnah alizaliwa Zanzibar, anaandika kwa Kiingereza, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake ya 1994, Paradise, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa hapa Dar na wachapishaji Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz akidhani anakwenda kutembea kwa mjomba. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Baadaye wanaingia bara na msafara wa biashara, miaka ileile Wajerumani wanapoikalia nchi.

Lugha ya tafsiri ni nzuri mno. Mwalimu mstaafu alisema kitabu kimerudi nyumbani, nami sina cha kuongeza. Lakini kinakwenda taratibu. Dereva wa bajaji alikiacha kabla msafara haujaondoka, na hapo ndipo utamu unapoanzia. Kama unasomea kwenye foleni, dakika kumi kumi, utapoteza uzi. Hiki kiwekee likizo, au zile siku mvua imekufungia ndani.

4. Visa vya Bwana Msa, vya Muhammed Said Abdulla

Mzimu wa Watu wa Kale cha 1960 ndicho cha kwanza, na Kisima cha Giningi cha 1968 kinafuatia kwa umaarufu. Bwana Msa ni mpelelezi asiye na bastola wala haraka. Anakaa, anauliza, anafikiri, na wewe unamfuata nyuma kama Najum, rafiki yake anayeelewa kila kitu akiwa amechelewa. Watu wanasingizia mizimu, yeye anatafuta mkono wa binadamu. Vijana wa benki walikuwa wanawekeana dau la chipsi kuhusu nani muuaji, na wote wawili walikosa. Kasoro yake ni mazungumzo marefu. Wakati mwingine ungetamani mtu anyanyuke afanye kitu. Ila Kiunguja kile ni raha kukisoma kwa sauti.

5. Kusadikika, cha Shaaban Robert

Hapa kuna watu wataruka kwa sababu walikisoma wakijiandaa na mtihani, na mtihani unaharibu kitabu kama chumvi inavyoharibu chai. Ushauri wangu: kama umemaliza shule zaidi ya miaka kumi iliyopita, kinunue upya. Ni chembamba, kinaingia kwenye mkoba, na ukipata kiti kwenye basi la Mbagala utakuwa umesoma sehemu ya kutosha kabla ya Posta.

Kilitoka 1951, nchi bado iko chini ya Waingereza. Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria katika nchi inayoelea angani, na waziri anayemshtaki anaitwa Majivuno. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na mema wakaishia kufungwa. Mtu mzima akisoma hayo anacheka mahali ambapo mwanafunzi alikuwa anapigia mstari.

Mama mwenye nyumba alikipenda lakini akakosoa majina: mtu akiitwa Majivuno umeshajua ni mbaya kabla hajafungua mdomo. Ni kweli. Shaaban Robert hana muda wa kukuficha yupi ni yupi, na kama unapenda wahusika wenye utata utachoka mapema. Kwa hiyo kiko cha tano, ingawa mwalimu hajanisamehe mpaka leo.

6. Willy Gamba na Joram Kiango

Wa kwanza ni wa Elvis Musiba, katika vitabu kama Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi. Wa pili ni wa Ben Mtobwa, na cha kuanzia kwake ni Tutarudi na Roho Zetu? Majasusi, risasi, warembo, safari za ghafla. Dereva wa bajaji angeviweka namba moja na kufunga mjadala. Dada wa duka la dawa anasema wanawake humo ni mapambo, na ana haki. Mimi navinunua kwa ajili ya mtu anayeapa kwamba hawezi kumaliza kitabu. Hivi atavimaliza.

Tabu ni kwamba matoleo ya zamani mara nyingi utayapata kwa wauza mitumba wa vitabu, wale wanaotandika turubai maeneo ya Posta na kulifunika kwa nailoni wingu likikusanyika. Hapo fungua macho. Kitabu usikipokee kwenye mfuko, kishike mkononi na ukifungue katikati. Nakala ya kudurufu utaitambua: maandishi yamelala upande, herufi za ukingoni zimeliwa, na kwenye kurasa kadhaa kuna kivuli cha dole gumba la aliyekuwa anakandamiza kitabu kwenye mashine. Jalada linang'aa kuliko kawaida lakini picha yake ina ukungu. Muuzaji atakwambia "orijino hiyo, bosi." Mwonyeshe dole gumba.

Kama ni cha zamani kweli, nusa. Unyevunyevu wa Dar hauna huruma na karatasi, na kitabu chenye harufu ya ukungu kitaviambukiza vingine rafuni. Pini zikishashika kutu, kurasa za katikati zitakuachia mkononi. Hesabu kurasa za mwisho, maana hadithi ya kipelelezi isiyo na ukurasa wa mwisho ni hasara tupu. Ukikuta muhuri wa shule au maktaba usio na alama ya kuonyesha kimeondolewa, kirudishe chini, kimeibwa mahali.

Kwa vipya, mimi huanzia duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora, ambako utapata Adam Shafi na Gurnah bila kuzunguka. Vitabu vya kitaaluma na kamusi, panda Mlimani uulizie TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, pale Chuo Kikuu. Na kama mfuko umekauka, Maktaba Kuu ya Taifa ipo palepale barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu 1967. Soma sura mbili kwanza, ndipo uamue kama hela ya kitabu itoke. Zile PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp sizihesabu. Mwandishi hapati hata senti, na nyingi zimekatwa katikati.

7. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza

Kimekaa chini kwa sababu ya unene na ugumu wa kupatikana. Kwa utamu kingepanda sana. Kitereza, naye wa Ukerewe, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe, na Kiswahili chake kikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata alifariki.

Mume na mke wanapendana lakini hawana mtoto. Wakwe wanakuja kumchukua binti yao, na mume akimtaka mkewe arudi lazima apeleke pombe ya ndizi. Sasa utaoneshwa pombe hiyo inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, bila papara. Kijana wa benki alisema karibu apike mwenyewe. Mwalimu alikaa nacho mwaka mzima na hakuna aliyethubutu kukidai. Kama unatafuta zawadi ya mzee anayependa mambo ya kale, hiyo umeipata. Kwa kijana wa mjini anayesoma akiwa amesimama kwenye mwendokasi, hapana.

Usinunue bado: Nagona

Kuna mtu atakutajia Nagona cha Kezilahabi, cha 1990, ili uone amesoma. Ni chembamba, na wembamba wake umewadanganya wengi. Humo hakuna kisa cha kushika, ni mtu anatembea ndani ya fumbo. Kwetu kilirudi baada ya siku moja, kisafi kabisa, na aliyekirudisha aliuliza kama huyo ndiye Kezilahabi yuleyule wa Rosa. Ndiye. Soma Kichwamaji chake kwanza, halafu Dunia Uwanja wa Fujo, na baada ya hapo njoo uchukue nakala yangu. Ipo, haijaguswa.