Seti ya kuanzia kufuga simbilisi: kizimba kinachomfanya mnyama aume

Seti za kuanzia kufuga simbilisi, zile zinazouzwa zikiwa zimekamilika ndani ya sanduku moja, hufanana sana hata watengenezaji wakitofautiana: kizimba cha waya chenye trei ya plastiki chini, kibanda cha kujifichia, chupa ya maji, bakuli, mfuko wa chakula cha mchanganyiko, jiwe la chumvi, kichupa cha matone ya vitamini C, gurudumu la kukimbilia na kijitabu cha maelekezo. Niliyoitumia kwa majike wawili ni ya namna hiyo, na sitaitaja kwa jina kwa sababu karibu kila ninalolilalamikia linazihusu pia nyingi zilizopangwa nayo kwenye rafu. Nimeipima kwa swali moja ambalo naona wanunuzi hawajiulizi wakiwa dukani: mnyama atakayeishi humu atakuwa na sababu ya kuuma?

Kasoro kubwa kuliko zote ni mlango, kwa kuwa uko mmoja tu na uko juu. Simbilisi ni mnyama anayewindwa; ukoo wake umetoka Amerika Kusini, ambako jamaa zake wa porini hujificha kwenye nyasi ili wasiliwe na ndege na wanyama walao nyama, na macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa ili aone hatari inayotokea pembeni na angani. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwake, ni mwewe. Nimemtazama kwa makini yule jike wa kahawia wakati wa kutolewa nje. Kwanza huganda, hata ule unyasi uliokuwa mdomoni hubaki unaning'inia bila kutafunwa. Kisha hukimbilia kona. Mkono ukimfuata huko, hurusha kichwa juu kwa mshtuko mfupi, kisha hukereza meno kwa sauti inayosikika vizuri chumbani, na ni baada ya onyo hilo kupuuzwa ndipo anapouma. Ukiinua waya zote ukaacha trei peke yake, ukaketi sakafuni na kuuweka mkono chini mbele yake bila kumfuata, mnyama huyohuyo huja mwenyewe, akaunusa na kula jani kutoka kiganjani.

Kijitabu hakisemi lolote kuhusu kuganda, kurusha kichwa wala kukereza meno. Kinaanzia pale meno yanapozama kwenye kidole, chini ya kichwa cha habari kinachosema "Tabia mbaya", na ushauri wake ni kumpulizia mnyama usoni au kumgonga pua kidogo kwa kidole. Huo ni ushauri mbovu. Simbilisi aliyeuma kwa hofu akipulizwa anapata sababu nyingine ya kuogopa mkono, na asipopewa nafasi ya kuonya kwa meno yanayokerezwa, atajifunza kuruka hatua hiyo na kuuma moja kwa moja. Kinachosaidia ni kusimamisha mkono mara tu anapoganda, kumpa muda, na kuwa na kizimba kinachofunguka ubavuni ili mkono uingie usawa wa sakafu. Mtengenezaji angeweza kulitatua hili kwa kuhamisha mlango tu.

Si kila jino kwenye ngozi ni shambulio, na hapa pia seti ina mchango wake. Simbilisi haoni kilicho mbele ya pua yake kabisa, hivyo huamua kwa harufu na kwa midomo kama kitu ni cha kuliwa. Picha iliyo kwenye sanduku inaonyesha mtoto akipitisha kipande cha tango katikati ya waya, na bila shaka kila anayenunua ataiga. Matokeo yake ni mnyama anayejua kwamba kinachopenya kwenye waya ni chakula, halafu siku kidole kitupu kinapopenya, nacho kikiwa na harufu ya tango, kinaonjwa. Kuonja huko huwa ni kwa meno ya mbele, kwa wepesi, na mnyama huachia mara moja. Mtu anayetofautisha mguso huo na jeraha la hofu hatamwita mnyama wake mkali. Dawa yake ni kunawa mikono na kulisha juu ya kiganja kilicho wazi, ndani ya kizimba. Kuna pia yule anayekuvuta nguo kwa meno akiwa mapajani baada ya kutulia kwa muda: mara nyingi anataka kukojoa, na ukimrudisha kwenye trei utaona.

Kutafuna waya ndiko kunakowasumbua wanunuzi zaidi, hasa alfajiri na jioni ambapo simbilisi huchangamka. Sakafu ya kizimba hiki haifiki hata nusu ya mita ya mraba, ilhali kwa wanyama wawili ukubwa unaopendekezwa kwa kawaida unaanzia karibu mita ya mraba 0.7. Nilipowahamishia kwenye eneo kubwa lililozungushiwa uzio mfupi, kutafuna kulipungua sana, na badala yake nikaanza kuona kile kitendo kinachowashtua wengi kwa mara ya kwanza, cha simbilisi kuruka ghafla kwa miguu yote minne na kujipinda hewani kana kwamba amepigwa na umeme. Hiyo ni furaha. Ndani ya seti sikuwahi kuiona, na sidhani kama kuna nafasi ya kuifanya.

Sababu ya pili ya waya kutafunwa ni kuisha kwa nyasi kavu, na jambo la kustaajabisha ni kwamba seti nzima haina hata kishada kimoja cha nyasi hizo wala mahali pa kuzitundika. Simbilisi ana meno 20 na yote huendelea kukua maisha yake yote, yale ya nyuma yakiwemo. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi. Jiwe la chumvi halifanyi kazi hiyo, wala halihitajiki kwa mnyama anayelishwa vizuri. Waya nazo zinaweza kuyavunja meno ya mbele.

Kibanda cha plastiki ni kizuri kwa macho lakini kina tundu moja. Kwa mnyama mmoja hilo lingevumilika, ila simbilisi hapaswi kufugwa peke yake, na Uswisi imelazimisha hivyo kisheria tangu 2008. Kwa wawili, aliye ndani hana pa kutokea mwenzake akiziba njia. Mapigano mengi niliyoyaona yalianzia hapo: kukereza meno, kupiga miayo kwa kuonyesha meno, kisha kung'atwa mgongoni. Nilikata tundu la pili upande wa pili kwa msumeno mdogo na ugomvi wa mlangoni ukaisha. Ugomvi mwingine hauna uhusiano na kibanda. Jike huingia kwenye joto takriban kila baada ya siku 16, na katika saa hizo hunguruma, hutembea kwa kujitikisa kiuno na kumpanda mwenzake, naye aliyechoshwa hurusha mkojo nyuma kwa shabaha ya kushangaza. Yote hayo ni ya kawaida na hupita. Jike mkubwa anayefanya hivyo mfululizo, huku manyoya ya ubavuni yakipukutika pande zote mbili, anastahili kupimwa uvimbe wa mifuko ya mayai, na kijitabu kingefanya jambo la maana kulitaja hilo badala ya kutumia ukurasa mzima kuhusu kuchagua jina.

Nina neno zito zaidi kuhusu chakula, kwa kuwa maumivu ni chanzo cha kuuma kinachosahaulika. Mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, na anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Akiikosa hupata kiseyeye: viungo huvimba na kuuma, hasogei kwa hiari, na akiguswa hulia au hung'ata. Mchanganyiko uliomo kwenye mfuko una mbegu na vipande vya rangi, hivyo mnyama huchagua anavyovipenda na kuacha vile punje vilivyoongezwa vitamini. Matone nayo ni ya kutia kwenye maji, ambamo vitamini C huharibika upesi, hasa kwenye mwanga, na ladha iliyobadilika huweza kumfanya mnyama apunguze kunywa. Pilipili hoho mbichi, majani mabichi na punje za aina moja zisizokaa miezi mingi tangu zitengenezwe hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Upele unaosababishwa na utitiri nao hufanana na ukali: mnyama hujing'ata, hapendi kushikwa, na hali ikizidi hupata degedege, ambayo mmiliki mgeni anaweza kuidhania ni ile miruko ya furaha. Simbilisi mpole aliyeanza kuuma ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kufundishwa adabu yoyote.

Kijitabu kinaorodhesha pia kula kinyesi kama tabia ya kukomeshwa. Ni kosa la wazi. Simbilisi hutoa kinyesi laini cha pekee na kukila moja kwa moja kutoka mwilini ili kupata virutubisho ambavyo utumbo haukuvifyonza mara ya kwanza. Kukizuia ni kumnyima chakula.

Gurudumu litupwe. Uti wa mgongo wa simbilisi haukuumbwa kupindishwa namna hiyo.

Ili nisiwe mtu wa kulaumu tu, chupa ya maji ni bora: haivuji, kigololo chake hakikwami, na inasafishika hadi chini. Trei ina kina cha kutosha kuzuia maranda yasimwagike, na sakafu yake ni tambarare, tofauti na vizimba vyenye sakafu ya waya vinavyosababisha vidonda vya nyayo. Bakuli ni zito na halipinduki. Ningekuwa na uwezo wa kununua vitatu hivyo peke yake ningenunua bila kusita, lakini havitoki nje ya seti.

Kama makazi ya kudumu siipendekezi kwa mtu yeyote. Kwa anayeimiliki tayari, kizimba kinafaa kama chumba cha mgonjwa: nafasi finyu inarahisisha kuona kama mnyama amekula, amekojoa na ametoa kinyesi. Kiwekwe ndani ya eneo kubwa pale anapoishi mwenzake, ili waendelee kunusana kupitia waya, maana simbilisi waliotenganishwa kwa muda mrefu huweza kukutana tena kwa meno.