Google Forms au rasimu ya pamoja? Tathmini ya njia mbili za kukusanya maoni ya wahadhiri kuhusu shahada mpya

Kila idara inayotaka kuanzisha shahada mpya hufika mahali ambapo mkuu wa idara, au mratibu aliyebebeshwa kazi hiyo, hutakiwa kuonyesha kwamba wanataaluma wenzake wameisoma rasimu ya mtaala na wamesema wanachokifikiri. Siku hizi njia ya haraka ni kutengeneza dodoso kwenye Google Forms, kuweka kiungo chake katika kundi la WhatsApp la idara na kusubiri. Nimewahi kulijaza dodoso la namna hiyo kama mhadhiri, na nimewahi kukaa upande wa pili nikisoma majibu kama mjumbe wa kamati ya mitaala, katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Tanzania ambacho hakuna haja ya kukitaja, wakati shahada ya kwanza ya sayansi ya data ilipokuwa ikipendekezwa. Tathmini hii inahusu kazi hiyo moja tu, nayo inaliweka dodoso mbele ya njia ambayo idara nyingi huisahau: rasimu yenyewe kuwekwa Google Docs ili watu waandike maoni yao pembeni ya maandishi.

Maoni haya si pambo. Shahada mpya hupita idarani, kwenye bodi ya kitivo au ndaki, kwenye kamati ya seneti na kwenye seneti yenyewe kabla ya kupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, chombo kilichoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na karibu kila kikao katika njia hiyo huuliza kama wahadhiri watakaoifundisha wameshirikishwa. Shinikizo limeongezeka tangu Benki ya Dunia ilipoidhinisha, mwaka 2021, mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu unaojulikana kama HEET, kwa kuwa kuhuisha mitaala ni sehemu kubwa ya mradi huo. Mhadhiri mmoja anaweza kuombwa maoni juu ya mitaala kadhaa katika muhula uleule, huku marundo ya karatasi za mitihani yakimsubiri mezani. Chombo chochote cha kukusanyia maoni kipimwe kwanza kwa namna kinavyouheshimu muda wa mtu huyo.

Kwa kipimo hicho dodoso la Google Forms lina haki yake. Ni la bure, hufunguka vizuri kwenye simu, halihitaji bando kubwa, na majibu huingia moja kwa moja kwenye jedwali bila mtu kukaa kuyanakili. Linawafikia pia wale ambao kikao cha idara hakiwafikii kamwe: walioko masomoni nje ya nchi, wanaofundisha kwa muda, na wenzetu wa idara jirani ambao kozi zao zitaazimwa na shahada mpya. Muundaji anaweza kuligawa katika sehemu, kiasi kwamba anayesema hatafundisha kozi yoyote katika shahada hiyo anaruka maswali ya ufundishaji na kwenda moja kwa moja kwenye maswali ya jumla. Idara chache hutumia nafasi hiyo. Nyingi hupendelea jedwali refu la maswali lenye safu tano kuanzia «sikubaliani kabisa» hadi «nakubaliana kabisa», ambalo kwenye skrini ya simu humlazimisha msomaji kulisogeza kushoto na kulia mpaka asahau alichoulizwa. Hapo wa kulaumiwa ni mtunga maswali, kwa sababu aina nyingine za maswali zipo palepale.

Udhaifu mkubwa unatokana na kile hasa ambacho watu hulisifia dodoso hili, yaani muhtasari wa majibu. Ukiuliza swali la kuchagua, mfumo hukuchorea duara lenye rangi na asilimia, na duara hilo lina kawaida ya kuhamia kwenye waraka wa seneti bila maelezo. Chukua idara yenye wahadhiri 20 ambako 8 wamejaza na 6 kati yao wameunga mkono: duara litasema asilimia 75, wakati waliotamka kwa vinywa vyao kwamba wanaitaka shahada hiyo ni asilimia 30 ya idara. Wale 12 walionyamaza hawana rangi. Ukizungumza nao utakuta mmoja alikuwa safarini, mwingine hakuufungua mtaala wenyewe kwa kuwa ulitumwa kama faili refu lisilosomeka kwenye simu, na mwingine anaipinga shahada hiyo kwa nguvu zote lakini ameona si busara kuandika.

Huyu wa mwisho ndiye tunayemhitaji kuliko wote, na hapa ndipo ahadi ya kutotaja majina inapopwaya. Dodoso linaweza kuwekwa lisikusanye anwani za barua pepe, na waratibu hulitangaza jambo hilo kwa nia njema kabisa. Kisha swali la kwanza linauliza cheo, la pili linauliza fani, na la tatu linauliza miaka ya utumishi. Katika idara yenye mhadhiri msaidizi mmoja tu wa takwimu, majibu hayo matatu ni sawa na saini. Mkufunzi msaidizi anayesubiri kupelekwa masomoni, au mhadhiri ambaye faili lake la kupandishwa cheo liko mezani kwa mkuu wa idara, hawezi kulaumiwa akiandika «mtaala ni mzuri, uboreshwe kidogo» na kulifunga. Ukikuta sentensi hiyo imejirudia katika majibu, ujue dodoso limepima mamlaka ya aliyelituma. Dawa yake ni nyepesi: futa maswali ya cheo na miaka, acha swali la fani pale tu ambapo fani ina watu wengi, na kazi ya kupokea majibu ikabidhiwe kwa mtu wa idara nyingine au wa kurugenzi ya uhakiki wa ubora.

Rasimu ya pamoja ilifanya kazi ambayo dodoso lisingeweza. Mfano ninaoukumbuka vizuri ni wa kozi ya ujifunzaji wa mashine, iliyopangwa mwaka wa pili, muhula wa kwanza, ikiwa na krediti 12. Kwa utaratibu wa Tume, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi hiyo ilipaswa kumchukua saa 120. Mwenzetu mmoja wa hisabati alizijumlisha saa zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kozi: mihadhara 30, semina 15, vitendo vya maabara 30, kazi za kupewa 30 na kujisomea 45, akapata 150, akaandika hesabu hiyo pembeni ya mstari wenyewe. Chini yake mtu mwingine akaongeza kwamba kozi inadai mwanafunzi awe ameshasoma aljebra ya mstari, ambayo kwenye jedwali la mihula imewekwa muhula wa pili wa mwaka uleule. Maoni mawili mafupi, na yote mawili yangeweza kuurudisha mtaala mzima kutoka ngazi za juu. Katika dodoso, swali lililohusu kozi hiyo lilikuwa: «Je, unaridhika na mpangilio wa kozi?»

Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba mhadhiri ni msomaji kwa kazi yake. Mwekee maandishi mbele naye atayasahihisha, hata kama hakukusudia. Mwekee kipimo cha moja hadi tano naye atachagua nne. Google Docs humruhusu kupendekeza mabadiliko bila kuyafuta maandishi ya awali, kila pendekezo hubaki na jina na wakati wake, na historia ya matoleo huonyesha nani alibadili nini. Mjadala nao hukaa palepale kwenye aya inayohusika. Tuliona wa takwimu na wa kompyuta wakibishana pembeni ya kozi moja ya uwezekano kuhusu ni idara ipi yenye haki ya kuifundisha, suala ambalo kwenye vikao huzungushwa kwa adabu mpaka muda unaisha.

Lakini njia hii inadai. Majina yako wazi, kwa hiyo wanyonge wa idara wananyamaza zaidi kuliko kwenye dodoso. Kufungua waraka wa kurasa nyingi kwa simu yenye mtandao wa kusuasua ni adhabu. Wapo pia wanaotumia muda wao wote kusahihisha nukta na mikato katika dibaji huku orodha ya maabara na vifaa, ambayo ndiyo itakayoamua kama shahada itafundishika, ikibaki nyeupe bila hata neno moja. Mratibu makini hugawa sura mapema na kumpa kila mtu kurasa zinazoangukia fani yake. Kumwambia kila mtu asome kila kitu ni kumruhusu kila mtu asisome chochote. Kwa wanaoogopa kuandika kwa majina, dodoso fupi liendelee kuwapo pembeni likiwa na kisanduku kimoja cha maandishi huru.

Kwa jumla, dodoso peke yake nalipa alama mbili kati ya tano kwa kazi hii, na rasimu ya pamoja nne, kwa sharti kwamba waraka umegawanywa. Dodoso linapanda hadi tatu likiulizwa maswali yanayojibika kwa ukweli, kwa mfano: «Ni kozi zipi kati ya hizi unaweza kuzifundisha mwaka ujao bila idara kuajiri mtu mwingine?» Swali hilo moja lilifichua kozi ambazo hazikuwa na mwalimu hata mmoja, jambo ambalo swali la kuridhika au kutoridhika halikulidokeza. Wakati wa kuuliza nao una uzito: kutuma kiungo wiki ya kusahihisha mitihani, kisha kuandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba «wajumbe walipewa fursa», ni ujanja ambao kila mjumbe anautambua.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna programu kati ya hizi inayokileta yenyewe, nacho ni jibu kwa aliyetoa maoni. Kamati yetu iliandaa jedwali la safu tatu, maoni, ukurasa unaohusika na hatua iliyochukuliwa, likasambazwa kwa idara nzima kabla ya bodi ya kitivo kukaa, pamoja na mapendekezo yaliyokataliwa na sababu zake. Mwenzetu wa hisabati alikuta saa zake zimerekebishwa kwenye mstari wa nne. Pendekezo la kozi ya maadili ya data kufundishwa mwaka wa kwanza lilikataliwa kwa kuwa krediti 120 za mwaka huo zilikuwa zimejaa, na aliyelitoa alikuja kwenye bodi akiwa na kozi ya kuondoa mkononi.